Mchanga Chini ya Kiti cha Bwana Nurali

Mimi nimezaa, nimelea, nimezika, nimegombana na wenye nyumba watatu na wote niliwashinda kwa maneno, na sina kitu cha kuonea haya duniani, muulizeni yeyote pale Kariakoo anayenikumbuka. Lakini ikitajwa motokaa ya Bwana Nurali, mpaka leo na uzee wangu huu nainama najifanya natafuta kandambili. Wajukuu zangu wameisikia vipandevipande, mmoja anasema bibi aliendesha gari akagonga soko, mwingine anasema bibi alitaka kutoroshwa na Mhindi (sijui wanayatoa wapi haya), basi nimeona niiandike mwenyewe, yote, kwa mkono huuhuu uliokaa darasani kidogo tu kabla mama hajanitoa nikalee mdogo wangu, na mkikuta makosa ya maandishi yarukeni kama mnavyoruka dimbwi.

Wakati huo bado Mwingereza yupo, na sisi tunakaa Kariakoo, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, nyumba ya vyumba sita, chumba kimoja chetu: mimi, mume wangu Shomari, na mtoto wetu Mwajuma ambaye nilikuwa ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Shomari alikuwa fundi wa motokaa. Fundi kweli, si hawa wa kufungua wakasahau kufunga. Ila alikuwa fundi wa juani. Hakuwa na paa, kazi yake yote anaifanyia kwenye kiwanja kitupu ubavuni mwa nyumba, mvua ikija anajiingiza chini ya gari la mteja anasubiri ipite, na vyombo vyake tunalala navyo chini ya kitanda, ukijigeuza unasikia spana zinaamkiana. Kitu alichokuwa anakitamani kuliko kwenda Maka ni banda. Na lilikuwepo moja kule Gerezani, la mabati, zuri, tupu, la Bwana Nurali, yule muuza vitambaa wa Mchafukoge aliyekuwa na magari ya teksi pia. Shomari alikuwa akipita pale anapunguza mwendo kama mtu anayepita nyumbani kwa mchumba.

Basi siku moja Bwana Nurali akamletea kigari. Akasema, "Fundi, hiki kimewashinda wenzako. Kinakula matairi, kinavuta kushoto, nimechoka nacho. Ukikinyoosha kikaenda sawa mbele ya macho yangu, banda la Gerezani ingia, na teksi zangu utazitengeneza wewe. Kisiponyooka tusisumbuane."

Kigari chenyewe kilikuwa cha mbio, cha zamani, viti viwili, hakina paa, pua ndefu, kilikuwa cha mzungu mmoja aliyerudi kwao akakiuza. Sasa mpwa wake Bwana Nurali, kijana wa kuona picha za magari ya mashindano akakosa usingizi, alikuwa amekishusha: amezipunguza zile bapa za springi moja baada ya moja mpaka tumbo la gari likawa linataka kulamba barabara. Kushuka kilishuka, lakini magurudumu ya mbele yakawa kila moja linaangalia kwake, kama macho ya kinyonga. Siku hizi mnapeleka gari kwenye mashine, mnaita alaimenti, mnakunywa soda mnasubiri. Shomari alikuwa na uzi wa mwashi, timazi, na fimbo aliyoichonga mwenyewe kupimia nafasi kati ya tairi na tairi, mbele na nyuma.

Akanieleza usiku tunakula (mimi napenda kuelezwa, na yeye anapenda kueleza, ndiyo maana tulidumu). "Mama Mwajuma, gari lililoshushwa lina kisirani. Springi zake zimepunguzwa, kwa hiyo akikaa mtu tu linadidimia, likididimia rodi ya usukani inasukumwa, ikisukumwa magurudumu yanageuka pembeni. Nikilipima tupu nitakuwa nimepima gari ambalo halipo. Lazima nilipime mwenye gari akiwa ndani."

"Basi muite mwenyewe akae."

"Bwana Nurali akae juani tangu asubuhi kama samaki ng'onda? Hataki. Amekwishakataa."

"Weka gunia la mchele."

"Gunia linalala, mama, mtu anakaa. Tena gunia halishiki usukani ukiliambia shika. Nataka mtu wa uzito wake."

Akaniambia kwamba pale sokoni, kwa muuza mchele wa jumla mwenye mizani ya kupandia, Bwana Nurali alikwishapanda, na mwenye mizani amechora alama ya chaki kwenye chuma pale kilipotulia kijiwe. Sasa anamtafuta mtu wa kufika kwenye chaki. Halafu akasema, huku anajilamba mchuzi kidoleni, bila kuniangalia, "Nafikiri nitamuomba Bi Kalunde."

Hapo sasa ndipo wanawake wa leo hamtanielewa. Leo mnashinda na njaa mpate kiuno. Sisi zamani zetu mwili ndio ulikuwa barua ya mume wako. Mke akiwa amejaa, watu wanajua huyu bwana analisha, nyumba ina amani. Mke akikonda, hawakuulizi wewe, wanamuuliza yeye. Na Bi Kalunde alikuwa anakaa chumba cha kutazamana na changu, Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani wa asili, hakuna siku inayopita hajanitupia neno nami sijamrudishia, na neno lake la miezi ile lilikuwa moja tu: kwamba tangu nimwachishe mtoto nimebaki kanga na mifupa. Leo mume wangu mwenyewe amkalishe huyo kwenye gari, mbele ya mlango wangu, Jumamosi, Kariakoo nzima inapita?

Nikamwambia, "Nitakaa mimi."

Akaniangalia juu mpaka chini, kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Wewe umepungua, mama."

"Nipeleke kwenye mizani kesho. Mizani haina utani."

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, dogo kabisa. Asubuhi, Shomari ametoka, nikachukua mfuko wa kitambaa cha marekani uliokuwa wa unga wa ngano, nikaenda kwenye lundo la mchanga wa waashi waliokuwa wanapiga plasta nyumba ya jirani, nikajaza, nikashona mdomo. Nikauweka nyuma, pale panapostahili. Nikaufunga kwa mkaja, ule mkaja wa uzazi niliokuwa nimekwishaukunja nikauweka, nikauzungusha tumboni mpaka macho yakanitoka. Juu gauni, juu kanga, juu buibui. Nikajitazama kwenye kioo kidogo cha Shomari cha kunyolea, kinaonyesha kipande kwa kipande, na kila kipande kilinifurahisha.

Kutembea sasa. Jamani, mchanga hautembei na mtu, mchanga una safari zake. Ukienda kulia wenyewe unakwenda kushoto. Nilitoka nyumbani kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi nyuma. Bi Kalunde alikuwa barazani, akaacha kuchagua mchele.

"Mtani, leo umeamka na makalio ya nani?"

"Ya kwangu. Yalikuwa yamesafiri."

"Yamerudi na mizigo," akasema, akainuka kunifuata, maana yeye naye Shomari alikuwa amekwishamwambia aje, kama nikishindwa.

Kwa muuza mchele palikuwa na watu, palipo na mizani hapakosi watu. Akapanda kwanza Bi Kalunde, bila hofu, kama anapanda kitanda chake. Kile chuma cha mizani kikarukia juu, tak, kikakaa hukohuko. Amezidi chaki, na kuzidi si kidogo. Akashuka anatabasamu kama amepewa zawadi, akawaambia wachukuzi, "Mnaona mtu anayekula kwake?" Shomari akatikisa kichwa, hamfai. Nikapanda mimi. Nilisoma kila dua ninayoijua na mbili ninazozijua nusu. Chuma kikapanda, kikashuka, kikapanda, kikatulia, na kijiwe kiko palepale kwenye chaki ya Bwana Nurali. Wallahi palepale. Mungu ananipenda, nikasema moyoni, kumbe ananichelewesha tu.

Shomari alifurahi mpaka nikaona haya kidogo. Akasema mbele ya watu, "Mke wa fundi ni kifaa cha fundi," na mimi nikanyanyua kidevu nikampita Bi Kalunde bila kumtazama, mchanga nyuma unanisukuma kama mtoto anayetaka kubebwa.

Gari lilikuwa tayari kiwanjani. Magurudumu yamekalishwa juu ya mbao zilizopakwa grisi yaweze kuteleza, nyuzi zimevutwa pande zote mbili zimefungwa kwenye vigingi, ukipita unaweza kudhani kuna mtu anakatiwa kiwanja. Kuingia kwenye gari lile si kuingia, ni kutumbukia. Kiti kiko chini, usawa wa barabara, unajishusha, unajishusha, unafikiri umefika, bado. Nilipotua ule mfuko ukanipiga chini ya mgongo, ukaninyanyua tumbo likagusa usukani, mkaja ukapanda mbavuni, pumzi ikawa inaingia haitoki. Na Shomari yuko chini ya gari ananiambia, "Tulia hivyohivyo, usitikisike."

Nilijitahidi. Jua likapanda. Watu wakasimama kutazama, wauza kahawa, wachukuzi, wanawake wenzangu na vikapu vyao, na mimi nimeshika usukani natazama mbele kama naiona njia ya Bagamoyo. Lakini mtu una mwisho wako. Shomari alipokwenda upande wa pili kuufunga uzi upya, nikaingiza mkono chini ya buibui, nikafungua mkaja, nikauchomoa ule mfuko polepole, nikausukumia chini ya kiti. Uzito si uleule? Uko ndani ya gari, mimi nimo ndani ya gari, nani amedhulumiwa. Nikapumua. Nikajiambia nikishuka nitajifanya nimeangusha kipini cha pua, nitautoa.

Shomari akamaliza alasiri. Alikaza, akalegeza, akapima mbele, akapima nyuma, pua za matairi ziingie ndani kidogo, kama unywele tu, vichwa vyake vilalie ndani kidogo, akaangusha timazi, akapima tena. Mwisho akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali, uso wake umejaa vumbi na kicheko. "Limesimama," akasema. "Limesimama kama askari. Shuka."

Nishuke vipi? Kutoka kwenye kiti kile unahitaji kitu cha kusukumia, na miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu zamani. Nikajaribu mara ya kwanza, nikarudi. Nikajaribu kwa ubavu, buibui likanasa kwenye gia. Watu wanacheka sasa waziwazi. Akaja Bi Kalunde, akanishika kiunoni kwa mikono yake miwili, akanivuta kama anang'oa muhogo, nikatoka, akabaki amenishika, akanipapasa nyuma kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayechagua papai.

"Mtani," akasema, "mbona umetoka mdogo kuliko ulivyoingia?"

Mara Bwana Nurali huyo. Amekuja na kanzu yake nyeupe ya Jumamosi, ana haraka, hakusalimia vizuri, akaingia kwenye gari (yeye amelizoea, anatumbukia kama jiwe) na kuliwasha. Nikapiga hatua mbili. Nikasema, "Bwana, samahani, kipini changu…" Gari linanguruma, nani anasikia kipini. Shomari akadaka baiskeli ya jirani akamfuata nyuma ayaone magurudumu. Na mimi nimesimama. Nikajiambia mchanga ni mchanga tu, utakaa kimya. Nikajiambia hivyo na huku miguu imekwishaanza kukimbia.

Sasa fikirini. Shomari alilinyoosha gari kwa uzito wangu na mchanga, ambao ndio uzito wa Bwana Nurali. Sasa ndani yupo Bwana Nurali mzima na mchanga wangu wa ziada. Kwenye teksi kubwa usingejua. Kwenye kile kigari chenye springi zilizopunguzwa, kikadidimia, rodi ikasukumwa, magurudumu yakageuka, kama alivyonieleza mwenyewe na mchuzi kidoleni.

Mtaa wa Msimbazi kilikwenda vizuri kidogo, kisha nikaona pua inaanza kuinamia kushoto, kama punda aliyeona majani. Bwana Nurali anavuta usukani kulia, gari linanyooka, akilegeza linarudi kushoto. Hakuwa anakwenda mbio, Mungu amlipe kwa hilo. Watu wakajitenga. Pembeni pale palikuwa na meza ya mama mmoja muuza machungwa, ameyapanga mafungumafungu, na gari lingekuwa la kawaida lingeigonga meza likasimama. Lakini lile lilikuwa limeshushwa. Liliingia chini ya meza, taratibu, kama paka anayeingia uvunguni, meza ikanyanyuka, ikakaa juu ya pua ya gari na machungwa yake juu, na gari likaendelea nayo hatua kadhaa, Bwana Nurali anachungulia katikati ya machungwa, mama mwenyewe anatembea ubavuni ameshika mguu wa meza anasema, "We baba, we baba, unanipelekea wapi." Kisha likasimama. Kisha machungwa yakaanza kushuka.

Sijapata kuona machungwa yenye mbio vile. Yalijaa barabara. Watu wakayafuata, wengine wanarudisha, wengine wanarudisha tumboni.

Bwana Nurali akatoka. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Akajipangusa kanzu. "Fundi. Hii ndiyo kazi ya kukupa banda?"

Shomari alikuwa ameiangusha baiskeli ya watu palepale, amekwishalala kifudifudi barabarani, katikati ya Msimbazi, na fimbo yake na uzi wake, anapima. Akapima mbele. Akapima nyuma. Akainua kichwa, na uso ule mimi nilikuwa siujui. "Bwana, kiwanjani uzi ulisema sawa."

"Uzi ulisema sawa. Machungwa yanasema nini?"

Watu wakacheka. Shomari hakucheka. Akarudi kupima tena, na nikamwona anaangalia kazi yake kama mtu anayemwangalia mtoto wake aliyeiba. Alikuwa ameacha kujiamini. Akachukua spana. Akaingia chini, akaiweka kwenye nati ya rodi, ile aliyoikaza siku nzima juani, anataka kuilegeza aanze upya mbele ya Bwana Nurali ambaye amekwishatazama saa yake na kumtafuta mtu wa kumvutia gari lake aondoke nalo. Akilegeza tu, basi. Hakuna jua la kupimia lililobaki, hakuna mtu wa chaki, hakuna banda.

Nikapiga magoti barabarani, nikainama chini ya gari nikamwambia polepole, "Baba Mwajuma, usifungue."

"Nini?"

"Usifungue. Kuna mchanga."

"Sema kwa sauti, sisikii, kelele."

Nikatazama nyuma. Kariakoo yote ilikuwa pale, naapa, hata waliokuwa Ilala. Na mbele yao wote Bi Kalunde, amefika anahema, ameshika chungwa. Nikasimama, maana aibu ukiipigia magoti inakuwa ndefu. Nikasema, "Bwana Nurali, chini ya kiti chako kuna mfuko wa mchanga. Mume wangu hana kosa. Nyuzi zake hazina kosa."

"Mchanga gani, mama?"

"Wangu."

"Wa nini?"

Nikasema, "Wa kufikia chaki. Niliuvaa nyuma."

Bi Kalunde hakumaliza hata kulimenya lile chungwa. "Nilijua," akasema. "Nilijua, jana hayakuwepo." Na hapo kicheko kikapasuka, wachukuzi wakaweka chini mizigo wapate kucheka vizuri, mama wa machungwa akakaa chini akachekea kwenye kanga, na mimi nimesimama katikati kama mlingoti. Shomari akatoka chini ya gari. Akanitazama. Akaingiza mkono chini ya kiti, akauvuta, ule mfuko wa unga wa ngano, na mkaja wangu wa uzazi unaning'inia nyuma yake kama mkia, mkaja, jamani, kitu ambacho mwanamme hapaswi kuona hata kamba yake, Msimbazi nzima ikauona.

Akauweka barabarani. Akasema kwa heshima, "Bwana, nakuomba jaribu tena. Mara moja."

Bwana Nurali akauangalia mfuko. Akaniangalia mimi. Akaingia kwenye gari. Wakaishusha meza, wakasogeza watu, akarudi nyuma, akaondoka, na alipokuwa katikati ya mtaa tukamwona ananyanyua mikono yote miwili, ameuacha usukani, mikono juu kama anaswali. Gari likaenda. Likaenda sawa, sawa, kama mtu anayetembea juu ya uzi, mpaka akaushika mwenyewe karibu na kona. Hakuna aliyecheka. Fundi mmoja aliyekuwa hapo akapiga mluzi mdogo.

Akarudi. Nikadhani amemaliza. Akashuka, akauokota mfuko wangu kwa mkono wake, na mkaja wake, akauingiza tena chini ya kiti, akaondoka. Kushoto. Akarudi, akautoa, akaondoka. Sawa. Alifanya hivyo tena na tena kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea, na kila akirudi uso wake umezidi kufunguka, mpaka mwisho akazima gari akabaki amekaa ndani anacheka peke yake.

"Fundi Shomari," akasema, "mimi nilitaka mtu wa kulifanya gari lisivute. Wewe umelifanya gari linajua hata mfuko wa mchanga. Jumatatu njoo dukani uchukue ufunguo wa Gerezani." Halafu akanigeukia, na akajitahidi sana asicheke, nilimwona. "Na wewe mama, ukinenepa, niletee habari kwanza."

Nikakusanya machungwa na mama wa watu mpaka lundo lake likatimia. Bi Kalunde akaja akachuchumaa karibu yangu akaanza kuokota naye, na nilijua anayapanga maneno yake, na ni kweli aliyapanga, yalimtosha harusi zote za Kariakoo na nyingine mpaka Magomeni, na mimi nilikuwa naketi palepale nacheka na wenzangu, maana ukikasirika utani unaota mizizi.

Njiani kurudi Shomari aliubeba mfuko. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiambia, "Ungeniambia tu kwamba hufiki."

"Ungemchukua Kalunde."

"Kalunde alizidi."

"Ungetafuta wa tatu. Hukuwa unaniona mimi."

Akaumwaga ule mchanga kwenye lundo la waashi, akaukunja mkaja vizuri, kunjo kwa kunjo, akanipa mkononi. "Kuanzia kesho," akasema, "nyama inaanzia kwako."

Na Jumatatu akaenda kuchukua ufunguo, na banda lile ndilo lililosomesha watoto wetu, na mvua ya kwanza ilipopiga mabati yale alikuja mbio kuniita nikasikilize, tukasimama ndani wawili tukiwa wakavu. Kwa hiyo mkicheka, chekeni, nimewapa ruhusa, ila nawaambia nyie wajukuu zangu mnaojifunga vitambaa na sponji kiunoni mkienda kwenye shughuli, mwili wa kuazima utakuumbua, tena utachagua mahali penye watu wengi. Mimi nilikwishaapa palepale Msimbazi, na machungwa mkononi. Anayeniona nimepungua alete wali. Mchanga nimeachia waashi.